Maabara za IVF: tupime joto, gesi na hewa kabla ya kununua mashine mpya

Mlezi wa Viinitete (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za wakati huu.

Nimefanya kazi katika maabara za upandikizaji mimba (IVF), ambako yai na mbegu hukutanishwa nje ya mwili, kwa miaka kumi na mmoja, kwanza Dar es Salaam na sasa Nairobi. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya swali ninaloulizwa mara kwa mara na watu wanaoanzisha kliniki: wanunue mashine ipi ili matokeo yao yapande? Jibu langu huwa haliwafurahishi. Huwaambia kwamba viinitete vingi, yaani mayai yaliyotungishwa na kuanza kukua, hupotea kwa makosa ambayo kipimajoto cha kuaminika, kipima pH (kipimo cha uasidi wa kioevu) na daftari linalojazwa kila siku vingeyafichua mapema, na kwamba fedha za mashine zitumike baada ya vitu hivyo kuwapo. Naomba nieleze kwa kirefu, na walio katika fani wanisahihishe nitakapoteleza.

Tuanze na kiinitete chenyewe. Mimba inapotungwa kwa njia ya kawaida, yai hukutana na mbegu ndani ya mrija wa uzazi, gizani, katika joto lisiloyumba, na majimaji yanayolizunguka hutunzwa na mwili wa mama bila kukoma. Ndani ya kisahani cha maabara hakuna ini la kuondoa sumu, hakuna figo wala mapafu. Chochote kilichoingia katika tone lile la kioevu, kikiwa kimetoka hewani, kwenye mafuta yanayolifunika au kwenye plastiki ya kisahani, kitakaa na kiinitete siku tano au sita. Mtu akilielewa jambo hili ataelewa kwa nini kazi yetu kubwa ni kutunza mazingira.

Waasisi wa fani hii walilijua hilo kwa uchungu. Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy walifanya kazi Oldham, Uingereza, kuanzia 1969 hadi 1978. Wanawake 282 walijitolea kupitia mpango ule, viinitete vilirudishwa katika mji wa mimba mara 112, na watoto waliozaliwa wakiwa hai walikuwa 2 tu. Wa kwanza, Louise Brown, alizaliwa tarehe 25 Julai 1978. Purdy, aliyesomea uuguzi, ndiye aliyekuwa akiviangalia viinitete maabarani kila siku, na kwa miaka mingi jina lake liliachwa nje ya bamba la kumbukumbu ingawa Edwards aliomba liandikwe. Jambo hilo huniuma kila ninapolikumbuka, kwa kuwa sehemu kubwa ya maboresho yaliyofuata yametokana na kazi ya namna yake: kutazama, kupima na kuandika.

Sasa joto. Kromosomu za yai lililokomaa, yaani vibeba urithi wake, hushikiliwa na nyuzi nyembamba sana za protini, na nyuzi hizo hufumuka joto linaposhuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba kuliacha yai la binadamu katika joto la kawaida la chumba kwa dakika 10 kunatosha kuzivuruga, na kwamba si kila yai hurejea katika mpangilio wake hata likipashwa tena. Kila maabara ina meza ya hadubini yenye kioo kidogo kinachoandika 37.0, nasi tunakiamini. Mwaka wangu wa tatu kazini nilitumbukiza kipimajoto chembamba ndani ya tone lililofunikwa mafuta, katika kisahani kilekile tunachotumia kila siku, nikapata 35.7. Kioo hakikuwa kimedanganya, kwani uso wa meza ulikuwa kweli na nyuzi 37. Lakini kisahani kina ukingo mdogo chini yake, hivyo kati ya kitako chake na meza pana utando wa hewa, na juu yake kiyoyozi kilikuwa kinapuliza. Tulipandisha meza mpaka tone lenyewe likafika 37, tukageuza uelekeo wa kiyoyozi, tukaandika kipimo cha kila meza kwa kila aina ya kisahani. Hatukununua kitu chochote zaidi ya kipimajoto kile.

Nitaendelea na gesi katika ujumbe unaofuata, kwa sababu hapo ndipo sisi wa Afrika Mashariki tuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka.

Mlezi wa Viinitete (mleta uzi)

Naendelea.

Kioevu cha kukuzia viinitete hutunza pH yake kwa uwiano kati ya bikaboneti iliyomo ndani yake na kabonidioksidi iliyomo katika hewa ya inkubeta, yaani kabati la joto na gesi ambamo viinitete hukuzwa. Watengenezaji wengi hutaka pH iwe kati ya 7.2 na 7.4, na kwa maabara iliyo kando ya bahari gesi hiyo huwekwa asilimia 5 au 6. Kosa linaanzia kwenye neno asilimia. Kioevu hakijui asilimia. Kinachokigusa ni kanieneo (mgandamizo) ya gesi yenyewe, nayo hutegemea kanieneo ya hewa yote ya mahali hapo. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu, na hewa yake ni nyepesi zaidi kwa karibu sehemu moja ya tano.

Nilipohamia huku nilikuta inkubeta zimewekwa asilimia 6, kama nilivyozoea pwani, na nilipita pale bila kuuliza. Tukikokotoa vizuri, tukiondoa mvuke wa maji uliomo ndani ya inkubeta, asilimia 6 ya pwani inalingana na takriban asilimia 7.5 ya Nairobi. Ukibaki na 6, pH ya kioevu itapanda kwa takriban 0.1. Tarakimu hiyo inaonekana ndogo kwa asiyeifanya kazi hii, lakini inatosha kukitoa kiinitete kwenye 7.3 kikaenda kukaa pembezoni kabisa mwa eneo linalokubalika, na hapo kitatumia nguvu zake kujirekebisha badala ya kujigawa. Viinitete vyetu vilikuwa vinagawanyika vizuri hadi siku ya tatu, kisha vingi vinakwama kabla ya kufika blastosisti, hatua ya siku ya tano au sita. Tulilaumu mbegu, tukalaumu umri wa wagonjwa. Miezi minne baadaye ndipo tulipoazima kipima pH tukaona. Nalisema hili hadharani kwa sababu ninawakumbuka wagonjwa wa miezi ile minne, na nisingependa mwenzangu alirudie kosa langu.

Wanaotumia inkubeta ndogo za mezani zinazolishwa na mitungi ya gesi iliyokwisha kuchanganywa wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa mchanganyiko wa mtungi hauwezi kubadilishwa baada ya kununuliwa. Mtungi ulioandaliwa kwa ajili ya maabara ya Mombasa haufai Nairobi, na muuzaji aambiwe mwinuko wa mahali kabla ya kuuandaa.

Kuhusu oksijeni nitasema kwa kifupi. Hewa tunayovuta ina karibu asilimia 21, ilhali ndani ya mirija na mji wa mimba oksijeni ni kidogo sana. Kukuza viinitete katika oksijeni ya asilimia 5 kumeonyesha matokeo bora kuliko kuvikuza katika hewa ya kawaida, na kama kuna maboresho ya inkubeta yanayostahili fedha, hili limo.

Bint Pangani

Dada Mlezi, shikamoo. Mimi si mtaalamu. Nimepita mizunguko miwili ya IVF bila mafanikio na ninajiandaa kwa wa tatu. Kliniki ninayokwenda imenishauri nilipie nyongeza tatu: inkubeta yenye kamera inayopiga picha za kiinitete muda wote, kipimo cha kromosomu, na mbegu kuchomwa ndani ya yai kwa sindano ingawa mbegu za mume wangu zilipimwa zikaonekana nzuri. Jumla yake inakaribia kuwa nusu ya gharama ya mzunguko mzima. Je, nyongeza hizi zitanipa mtoto?

Mlezi wa Viinitete (mleta uzi)

Marahaba, dada Bint Pangani, na pole sana kwa safari hiyo. Siwezi kusema juu ya mwili wako bila kuona faili lako, wala sitaki umvunjie heshima daktari wako kwa maneno ya mtandaoni. Nitakueleza tafiti zinavyosema, nawe umuulize daktari zinakuhusu vipi.

Kamera. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2024, lililofanyika katika kliniki za Uingereza na Hong Kong likiwa na washiriki 1,575, halikuonyesha kwamba inkubeta zenye kamera ziliongeza watoto waliozaliwa hai kuliko inkubeta za kawaida. Mimi binafsi ninazipenda inkubeta hizo, kwa kuwa hunipa nafasi ya kuona bila kufungua mlango, na hunifundisha. Hiyo ni faida kwa maabara, na sioni haki mgonjwa alipie kana kwamba ameahidiwa mtoto.

Kipimo cha kromosomu. Hapa seli chache hutolewa kutoka kwenye tabaka la nje la blastosisti, sehemu itakayokuwa kondo la nyuma, na kupimwa. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo kutoka China kwa wanawake 1,212 wenye umri wa miaka 20 hadi 37 ambao kila mmoja alikuwa na blastosisti nzuri zisizopungua 3. Waliopimiwa viinitete walipata watoto kwa asilimia 77.2, na wasiopimiwa asilimia 81.8. Kwa wanawake wa namna hiyo kipimo hakikusaidia kuongeza watoto. Mwanamke mwenye umri mkubwa zaidi, au aliyeharibikiwa na mimba mara kadhaa, ana mazungumzo yake tofauti na daktari. Tena usikichanganye kipimo hiki na kile cha kutafuta ugonjwa mmoja mahususi wa kurithi. Wazazi wote wawili wakiwa wanabeba seli mundu, kupima viinitete kunaweza kuwaepusha na mtoto mgonjwa, na mimba ya kwanza iliyopatikana kwa njia hiyo na kumalizika kwa uzazi salama iliripotiwa mwaka 1999. Kwa nchi zetu, ambako seli mundu inaziumiza familia nyingi mno, ningependa sana maabara ziwekeze huko.

Sindano, yaani ICSI. Mbinu hii iliyotangazwa na kundi la watafiti wa Brussels mwaka 1992 ilibadilisha maisha ya wanaume wenye mbegu chache au dhaifu, na kwao ni ya lazima. Kwa mume mwenye mbegu nzuri, jaribio la Vietnam lililochapishwa mwaka 2021 kwa wenza 1,064 liliona asilimia 35 ya waliotumia sindano na asilimia 31 ya walioachia mbegu ziingie zenyewe wakipata mtoto hai, tofauti ambayo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Hata hivyo, kama katika mizunguko yako miwili mayai hayakutungishwa kabisa au yalitungishwa machache mno, daktari ana sababu nzuri ya kukushauri sindano. Muulize: mayai yangu mangapi yalikuwa yamekomaa, na mangapi yalitungishwa?

Jibu la swali hilo la mwisho litakufaa kuliko matangazo yote.

Maabara ya Kisiwani

Mleta uzi, nakushukuru. Nafanya kazi Unguja katika maabara ya hospitali, si ya IVF bado, ila tuna mpango wa kuianzisha. Umeanza na joto na gesi, nami naona tatizo letu kubwa litakuwa hewa na umeme. Tunaambiwa tujenge chumba chenye vichujio vya kila namna na bei yake inatisha. Je, inawezekana kuanza bila hivyo? Pia nimesoma kwamba kuna njia rahisi ya kukuza viinitete bila inkubeta ya gesi. Ni kweli au ni maneno ya wauzaji?

Mlezi wa Viinitete (mleta uzi)

Ndugu wa Kisiwani, umeuliza mawili, nami nitakaa zaidi kwenye la kwanza.

Vumbi na vijidudu huzuiwa na vichujio vya kawaida vya hewa safi. Hatari isiyoonekana ni kemikali zinazopaa hewani, ambazo hupita kwenye vichujio hivyo kama vile havipo na hunaswa na vichujio vya mkaa maalumu. Kemikali hizo huyeyukia katika mafuta na katika kioevu, na kiinitete hakina njia ya kuzikwepa. Mwaka 2018 yalichapishwa makubaliano ya wataalamu yaliyopewa jina la Cairo, mji walikokutana, yanayoeleza hewa ya maabara ya IVF inavyopaswa kuwa. Yasome kabla ya kumwita mkandarasi.

Ila nusu ya kazi ni kuzuia kemikali zisiingie, na hiyo haihitaji fedha nyingi. Rangi ya ukuta, gundi ya sakafu na makabati ya mbao zilizobanwa hutoa mvuke kwa wiki nyingi, kwa hiyo chumba kikamilike mapema, hewa iendeshwe usiku na mchana, na inkubeta mpya ziwashwe na kuachwa zifuke harufu ya kiwandani kabla yai la mtu yeyote halijaingia. Dawa za kusafishia zenye harufu kali zisikaribie. Jenereta isifungwe mahali ambapo moshi wake utavutwa na mdomo wa kiyoyozi. Nimeikuta hali hiyo katika jengo moja, na siku umeme ulipokatika ndizo siku ambazo hewa ya maabara ilikuwa mbaya zaidi.

Na kwenu Unguja, kama ilivyo pwani yote, kuna udi, ubani na marashi. Nimekulia katika nyumba ambamo nguo hazivaliwi bila kufukizwa, kwa hiyo nasema haya kwa heshima. Mfanyakazi akifika kazini na nguo zilizofukizwa udi usiku kucha, amekuja na moshi huo hadi kwenye kisahani. Tulikubaliana kwamba kila mtu avue nguo za nyumbani na kuvaa za maabara zilizofuliwa kwa sabuni isiyo na manukato, na wagonjwa tuliwaomba wasijipake marashi siku ya kutolewa mayai na siku ya kurudishiwa kiinitete. Ukiwaeleza sababu, watu hukubali bila manung'uniko.

Umeme: inkubeta, meza za joto na kipima hewa viunganishwe kwenye betri za akiba zitakazovishikilia mpaka jenereta ishike, na jaribio lifanyike kila mwezi kwa kuuzima umeme kwa makusudi siku ambayo hakuna viinitete ndani. Jenereta ambayo haijajaribiwa haipaswi kuhesabiwa.

Njia rahisi uliyoisikia ni ya kweli. Jonathan Van Blerkom na Willem Ombelet, kazi yao ikifanyika Genk nchini Ubelgiji, walitengeneza mfumo wa chupa mbili ndogo za kioo zilizofungwa kabisa. Katika moja asidi ya sitriki na bikaboneti hukutana na kutoa kabonidioksidi, nayo huvuka kwa mrija mwembamba kwenda kwenye chupa ya kukuzia. Yai, mbegu na baadaye kiinitete hukaa humo bila kufunguliwa, kwa hiyo hewa chafu ya chumba haivigusi, na kinachohitajika nje ni joto la kudumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba ubora wa viinitete ulilingana na wa maabara ya kawaida. Mfumo huu hautoshi pale mume anapohitaji ICSI. Lakini kwetu wanawake wengi hukosa mimba kwa sababu ya mirija iliyoziba baada ya maambukizi, waume zao wakiwa na mbegu nzuri, na hao ndio hasa unaowafaa. Nashangaa tunavyouzungumza kidogo.

Mhimilishaji

Habari za jioni. Nimefanya uhimilishaji wa ng'ombe kwa zaidi ya miaka ishirini, mbegu tukizichukua kituo cha taifa cha uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha. Naitrojeni ya maji naijua kama ninavyoijua njia ya nyumbani. Naomba kuelewa, dada yangu: sisi mbegu za dume hukaa kwenye mrija miaka na miaka na bado zinafanya kazi. Kwa nini kugandisha yai la mwanamke kulichukua muda mrefu hivyo kufanikiwa?

Mlezi wa Viinitete (mleta uzi)

Kaka Mhimilishaji, karibu sana. Watu wa mifugo wametufundisha mengi katika jambo hili.

Tofauti ni maji. Mbegu ni ndogo na ina maji machache, tena ziko mamilioni, hivyo zikifa nusu bado kazi inafanyika. Yai ni seli kubwa kuliko karibu seli zote za mwili, limejaa maji, na katika mzunguko mmoja unaweza kuwa nayo sita tu. Maji yakiganda polepole hufanya chembe za barafu zenye ncha kali zinazolipasua kwa ndani. Viinitete vilivumilia kidogo ugandishaji wa polepole, na mtoto wa kwanza kutokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1984. Mayai yalisumbua kwa miaka mingi zaidi.

Suluhisho lilikuwa kuikimbia barafu. Mwaka 1985 wanasayansi Rall na Fahy walionyesha kwa viinitete vya panya kwamba maji yenye dawa za kutosha za kulinda seli, yakipozwa haraka, hugeuka kama kioo bila kufanya barafu hata kidogo. Njia hiyo huitwa vitrifikesheni. Baadaye Masashige Kuwayama wa Japani aliirahisisha kwa kulaza yai juu ya utepe mwembamba wa plastiki likiwa na kioevu kidogo mno, chini ya mikrolita 1, kisha kulitumbukiza moja kwa moja ndani ya naitrojeni ya nyuzi -196. Kasi ya kupoa hufika maelfu mengi ya nyuzi kwa dakika. Siku hizi maabara nzuri huamsha zaidi ya mayai 90 kati ya 100 yakiwa hai.

Mnapoyeyusha mbegu za ng'ombe mnatumia maji ya vuguvugu na saa, sivyo? Kwetu pia kupasha joto ni muhimu kama kupoza. Utepe ukitoka kwenye naitrojeni lazima uzame katika kioevu cha nyuzi 37 papo hapo, kwa sababu sekunde chache hewani zinatosha barafu kuanza kujijenga wakati wa kuyeyuka. Wanafunzi wangu hufanya zoezi hilo kwa tepe tupu mara nyingi mpaka mikono ikumbuke yenyewe.

Ugandishaji ukiwa wa kuaminika, unabadilisha hata namna ya kutibu. Jaribio la China lililochapishwa mwaka 2016 kwa wanawake 1,508 wenye ovari zenye vifuko vingi lilionyesha kwamba waliogandishiwa viinitete vyote na kurudishiwa baadaye walijifungua kwa asilimia 49.3, dhidi ya asilimia 42.0 kwa waliorudishiwa viinitete vibichi, yaani visivyogandishwa, na hatari ya ovari kuvimba kupita kiasi ilishuka kutoka asilimia 7.1 hadi 1.3. Daktari hawezi kuchagua njia hiyo kama maabara yake haina uhakika wa kuviamsha viinitete salama.

Kuhusu pipa la naitrojeni, nawe utaniunga mkono: lipimwe kwa kijiti kila siku na kiwango kiandikwe. Machi 2018, huko Cleveland, Marekani, joto lilipanda ndani ya pipa moja wikendi, zaidi ya mayai na viinitete 4,000 vikapotea, na ikabainika kwamba king'ora cha kuwaarifu wafanyakazi walio mbali kilikuwa kimezimwa. Sisi hugawanya viinitete vya kila familia katika mapipa mawili, na king'ora hupiga simu za watu watatu.

Mhimilishaji

Nimekuelewa vizuri sana. Nasi hupima kwa kijiti, na nimeshapoteza pipa moja kwa sababu ya mtu aliyeandika namba bila kupima.

Mkazi wa Kampala

Salamu kutoka Kampala. Mimi ni mwanafunzi wa embriolojia, elimu ya viinitete. Dada Mlezi, umesema tupime na tuandike. Tuandike nini hasa, na tutajuaje kwamba namba zetu ni mbaya? Pia kwetu mwinuko ni kama mita 1,200. Kabonidioksidi iwe ngapi?

Mlezi wa Viinitete (mleta uzi)

Ndugu wa Kampala, swali zuri. Mwaka 2017 yalichapishwa makubaliano ya Vienna yanayotoa viwango viwili kwa kila kipimo: kile ambacho maabara isishuke chini yake, na kile cha kukilenga. Kwa ICSI, mayai yaliyotungishwa kawaida yasipungue asilimia 65, na lengo ni 80. Kwa utungishaji wa kawaida wa kisahani ni asilimia 60, na lengo ni 75. Mayai yanayoharibika kwa sindano yasizidi asilimia 10, na ukiwa hodari yasizidi 5. Yaliyotungishwa kawaida na kufika blastosisti yasipungue asilimia 40, na lengo ni 60. Blastosisti zilizogandishwa zinapoamshwa, zisipungue asilimia 90 zitakazokuwa hai, na lengo ni 99.

Ziandike kwa kila mwezi na kwa kila mtu anayefanya kazi, kwa sababu wastani wa maabara nzima unaweza kumficha mwenye tatizo. Kando ya kila mgonjwa andika namba ya toleo la kioevu, la mafuta na la visahani. Nitakupa mfano. Wakati fulani blastosisti zetu zilishuka ghafla kutoka nusu ya mayai yaliyotungishwa hadi chini ya theluthi. Joto lilikuwa sawa na pH ilikuwa sawa. Daftari ndilo lililotuonyesha kwamba anguko lilianza siku tulipofungua toleo jipya la mafuta, ambalo shehena yake ilikuwa imekaa siku nyingi kwenye joto ikisubiri kutolewa. Mafuta yakikaa kwenye joto na mwanga huzalisha peroksidi, nazo ni sumu kwa kiinitete bila kubadilisha rangi wala harufu. Bila namba za matoleo tungeendelea kuwalaumu wagonjwa.

Tangu hapo hatutumii toleo lolote kabla ya kulijaribu. Maabara kubwa za nje hujaribu kwa viinitete vya panya. Sisi, kwa ridhaa ya wagonjwa, tunachukua mbegu za kiume zilizobaki, tunaziweka katika vikundi viwili, kimoja kwenye toleo la zamani tunaloliamini na kingine kwenye toleo jipya, na baada ya saa 24 tunahesabu zinazoogelea. Zikipungua sana upande wa toleo jipya, linarudi kwa muuzaji. Jaribio hili halina ukali wa lile la panya, lakini linagharimu saa moja ya kazi.

Kuhusu gesi: kwa Kampala, ili kulingana na asilimia 6 ya usawa wa bahari, anza na takriban 7. Hiyo ni namba ya kuanzia tu, na anayeamua ni pH. Weka kioevu katika kisahani, kifunike kwa mafuta kama unavyofanya siku zote, kiache ndani ya inkubeta usiku kucha ili gesi itulie. Asubuhi sawazisha kipima pH kwa vimiminika viwili vya kulinganishia vilivyopashwa hadi nyuzi 37, kisha pima ndani ya dakika moja baada ya kufungua mlango, kwani kabonidioksidi hutoka haraka na pH hupanda mbele ya macho yako. Rudia kwa visahani vitatu. Ukipata juu ya kiwango cha mtengenezaji, ongeza kabonidioksidi kwa nusu asilimia na urudie usiku unaofuata. Rudia pia kila unapobadilisha toleo la kioevu au mtungi wa gesi, na uandike.